Mbwa, jambazi na jina moja: uchambuzi wa kisa cha filamu Ahí está el detalle, Mexico, 1940

Kwa nini kisa hiki

Mwongozaji wa vichekesho hukutana mapema na tatizo hili. Ana mchekeshaji ambaye watu wanampenda kuliko hadithi yoyote itakayoandikwa. Akifungua mdomo tu, ukumbi mzima unacheka. Akibanwa na mswada neno kwa neno, anakauka. Akiachiwa afanye atakavyo, filamu inakuwa mikasa iliyorundikwa, haina kichwa wala miguu, na mtazamaji akitoka nje hawezi kumsimulia mwenzake alichokiona. Mwongozaji anabaki na kazi gani hapo?

Kisa ninachokichambua kilitokea Mexico City mwaka 1940. Mwongozaji ni Juan Bustillo Oro. Mchekeshaji ni Mario Moreno, aliyejulikana kwa jina la jukwaani la Cantinflas. Filamu ni Ahí está el detalle, ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita "Hapo ndipo penye jambo lenyewe". Nimeichagua kwa sababu wengi wakiitaja humtaja Cantinflas peke yake, kana kwamba alijiandikia, akajiongoza na akajipangia wenzake wa kucheza nao. Nadhani si kweli, na mtu anayetaka kujifunza kutengeneza vichekesho hupoteza mengi akiitazama hivyo. Filamu hii ina jicho la mwongozaji ndani yake, na jicho hilo lilianza kufanya kazi miaka kadhaa kabla, tena kwenye filamu ambayo haichekeshi hata kidogo.

Usuli: mwongozaji

Bustillo Oro alizaliwa Mexico City mwaka 1904. Alisomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwenye tamthilia. Mwaka 1932 yeye na mwandishi mwenzake Mauricio Magdaleno walianzisha kundi waliloliita Teatro de Ahora, tamthilia ya wakati huu. Walitaka jukwaa lizungumzie mambo ambayo Mexico ya baada ya Mapinduzi ilikuwa ikiyapitia: ardhi, mafuta, wafanyakazi, wahamiaji waliorudishwa kutoka Marekani. Watazamaji hawakujitokeza kama walivyotarajia na kundi halikudumu. Mwaka uliofuata tamthilia zake tatu zilichapwa Madrid, na mojawapo iliitwa Justicia, S.A., yaani haki iliyosajiliwa kama kampuni. Tukumbuke hiyo, kwa kuwa mtu huyu aliyasoma mambo ya mahakama darasani, akayapeleka jukwaani, na bado hakuwa ameyamaliza.

Mwaka 1934 alitoa filamu Dos monjes, "Watawa wawili". Ni tamthilia nzito ya mapenzi na wivu, yenye vivuli virefu na kuta zilizopinda kwa mtindo wa filamu za Ujerumani za miaka ya 1920. Wanaume wawili waliompenda mwanamke mmoja wanakutana tena ndani ya monasteri, na kila mmoja anamsimulia mkuu wa watawa yaliyotokea. Tunayaona matukio yaleyale mara mbili. Mtawa wa kwanza anaposimulia, yeye ndiye amevaa nguo nyeupe na mwenzake nyeusi. Wa pili anaposhika simulizi, rangi zinabadilishana. Hakuna anayesema uongo waziwazi. Kila mtu anajiona msafi ndani ya hadithi yake mwenyewe.

Filamu hiyo haikumpa utajiri. Kilichomweka vizuri sokoni ni En tiempos de don Porfirio, kichekesho cha muziki kuhusu Mexico ya zama za rais Porfirio Díaz, kilichotoka mapema mwaka huohuo wa 1940. Watu waliipenda sana. Ndani yake alikuwamo Joaquín Pardavé, mchekeshaji mzoefu wa majukwaa ambaye tutakutana naye tena. Kwa hiyo mtu aliyeingia kumwongoza Cantinflas hakuwa kibarua wa kusema "kamera, anza". Alikuwa na jina, alikuwa na ubia na mtayarishaji Jesús Grovas katika kampuni ya Grovas-Oro Films, na alikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua akilini tangu alipotengeneza Dos monjes.

Usuli: mchekeshaji

Mario Moreno alizaliwa mwaka 1911 katika familia ya watu wa kawaida jijini Mexico City. Kazi aliianzia kwenye carpas, maonyesho ya mahema yaliyofungwa kwenye mitaa ya maskini, ambako watu walilipa kidogo na hawakuwa na subira na msanii anayechosha. Huko ndiko alikomjenga mhusika wake: kabwela wa mjini, suruali imeshuka chini ya kiuno, kitambaa chakavu begani anachokiita koti, masharubu machache kwenye pembe za mdomo. Na zaidi ya yote, namna ya kusema. Anaanza sentensi kwa uhakika mkubwa, anaiacha njiani, anashika nyingine, anaingiza neno la kisomi mahali ambapo halikai, anarudi nyuma, anakubali, anakana, anamaliza kwa msisitizo, na msikilizaji hajui ameambiwa nini. Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe anaonekana ameridhika kabisa kwamba amejieleza.

Kufikia mwaka 1937 usemi huo ulikuwa umefika hadi kwenye siasa. Viongozi wawili wa vyama vya wafanyakazi, Luis N. Morones na Vicente Lombardo Toledano, walikuwa wakirushiana maneno. Lombardo akasema kwamba kama Morones anataka kuonyesha ufundi wake wa kujenga hoja, basi akabishane na Cantinflas. Ilikuwa dharau kwa Morones, lakini ilimpandisha mchekeshaji huyo, na inatuonyesha kwamba watu walishaanza kumsikia kama kioo cha lugha ya wakubwa.

Kwenye filamu, hata hivyo, alikuwa bado hajapata mahali pake. Mwongozaji Arcady Boytler alimtumia katika ¡Así es mi tierra! ya 1937 na Águila o sol ya 1938, akiwa sambamba na Manuel Medel, mwenzake wa jukwaani. Mwaka 1939 wawili hao waliwekwa ndani ya El signo de la muerte ya Chano Urueta, filamu ya kutisha kuhusu kafara za kale, ambamo vichekesho vyao vinapita pembeni ya hadithi kama wageni waliokosea nyumba. Tayari watu walilipa kwenda kumwona Cantinflas, ila hakukuwa na filamu iliyomhitaji ili hadithi yake isimame.

Hali ya soko

Hapa nitapita haraka. Mwaka 1936 Allá en el Rancho Grande ya Fernando de Fuentes ilifanikiwa ndani na nje ya Mexico, na kila mtayarishaji akataka farasi, nyimbo na kofia pana. Filamu zilizotengenezwa nchini zilifika 57 mwaka 1938. Kisha watazamaji wakachoka na mambo yaleyale, uzalishaji ukashuka, na mwaka 1940 zilikuwa 29 tu. Aliyekuwa anaanza filamu mwaka huo alijua kwamba kurudia shamba na farasi hakutamwokoa.

Hadithi yenyewe ilivyopangwa

Ili maamuzi ya mwongozaji yaeleweke, inabidi tufuate mpangilio wa matukio kwa makini, maana ufundi mwingi umekaa humo. Mswada uliandikwa na Bustillo Oro pamoja na Humberto Gómez Landero.

Cantinflas ni mchumba wa Paz, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya tajiri mwenye wivu, Cayetano Lastre, anayechezwa na Pardavé. Usiku mmoja amekuja kula chakula cha jikoni, kama kawaida yake. Paz anamwambia hatapewa chakula mpaka amuue mbwa wa nyumba aliyepata kichaa. Mbwa huyo anaitwa Bobby.

Usiku huohuo mke wa Cayetano, Dolores, anasumbuliwa na mchumba wake wa zamani, jambazi anayemtisha kwa barua alizomwandikia kabla hajaolewa. Jambazi huyo naye anaitwa Bobby. Cayetano, aliyejifanya ameondoka, anarudi ghafla akitumaini kumfumania mke wake. Anachokikuta nyumbani mwake ni Cantinflas. Dolores, akitafuta pa kujiokoa, anatamka la kwanza linalomjia: huyu ni kaka yangu Leonardo, aliyepotea miaka mingi. Na kwa kuwa urithi wa baba yao hauwezi kugawanywa bila Leonardo, ghadhabu ya Cayetano inageuka kuwa ukarimu. Kabwela aliyeingia kwa mlango wa jikoni anakalishwa sebuleni, analishwa, anavutishwa sigara nzuri.

Halafu anabisha hodi Clotilde, mwanamke ambaye Leonardo halisi alimzalisha akamkimbia, akiwa na msururu wa watoto. Anachezwa na Sara García, ambaye baadaye Mexico nzima ilimwita bibi yake. Cayetano, kwa kuwa anaheshimu sana heshima ya familia, anaamuru ndoa ifungwe. Mambo yakiwa yanaelekea huko, polisi wanaingia kumkamata "Leonardo" kwa kumuua Bobby. Jambazi amekutwa amekufa.

Kinachofuata ni mahakama. Mshtakiwa anaulizwa kama alimuua Bobby, anakubali bila kusita. Anaulizwa sababu, anatoa sababu ya mtu aliyeua mbwa mwenye kichaa. Mwendesha mashtaka anasikia muuaji asiye na chembe ya utu. Cantinflas anashangaa: watu wazima, wenye majoho na vitabu, wanafanya kelele zote hizi kwa ajili ya Bobby? Adhabu inakaribia kumwangukia ndipo Leonardo halisi anapotokea na kusema ni yeye aliyemuua yule jambazi. Kufikia hapo hakimu na mawakili wameshaanza kuongea kama mshtakiwa: sentensi hazifiki mwisho, maneno yanajikanyaga, na wao wenyewe hawajui yamewaingia vipi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumtenga na Medel. Wawili hao walikuwa wamezoeana na watu waliwazoea, kwa hiyo uamuzi huu haukuwa mdogo. Lakini mchekeshaji mwenye mwenzake wa kudumu huongea na mwenzake, na hadithi hukaa nje ikiwasubiri wamalize. Cantinflas akiwa peke yake analazimika kuongea na watu wa ndani ya hadithi: bosi, mke wa bosi, mwanamke anayetaka kuolewa, polisi, hakimu. Kila anachokiharibu kwa maneno yake kinamgusa mtu mwenye jambo la kupoteza.

Uamuzi wa pili, na kwangu ndio wenye thamani kubwa kuliko yote isipokuwa ule wa mahakama, ni kuwazungushia kabwela huyu watu wanaomsikiliza kwa dhati. Mtazame Pardavé katika onyesho la kumpokea "shemeji". Hajaribu kushindana kwa vichekesho, ingawa uwezo alikuwa nao. Anacheza mtu mwenye wivu wa kweli, tamaa ya kweli na heshima ya kweli kwa taratibu za familia. Cantinflas anapoanza kuzunguka na maneno, Pardavé anainamisha kichwa kidogo, anafuatilia, anajitahidi kuelewa kwa kuwa anahitaji kuelewa: urithi umo ndani ya majibu hayo. Uso wake unapita kwenye matumaini, mashaka, kisha subira ya kulazimishwa. Kicheko kinazaliwa katikati yao wawili. Ukimwondoa msikilizaji huyo, unabaki na mtu anayebwabwaja mbele ya kamera.

Kamera nayo ilipangwa kwa ajili ya hilo. Mpigapicha Jack Draper mara nyingi anaiweka mbali kiasi cha kuwaona watu wawili au watatu kwa pamoja, na anaiacha itulie. Mtu aliyetengeneza Dos monjes alijua kabisa jinsi ya kupinda ukuta na kurefusha kivuli. Hapa akaviweka kando. Shoti ikikatwa kila neno likitamkwa, mtazamaji asingeona uso wa anayesikia wakati uleule mwingine akisema. Mwongozaji alijinyima mapambo aliyoyamudu vizuri kwa kuwa kazi iliyokuwa mbele yake haikuyahitaji, na hilo kwa msanii mwenye jina la ubunifu wa picha si jambo jepesi kulifanya.

Uamuzi wa tatu ni wa mswada. Waliutengeneza kama saa ya mezani: kila kitu kina jino lake na kila jino linasukuma lingine. Wapo wanaodhani kwamba mchekeshaji anayebuni papo hapo anahitaji hadithi legelege ili apate nafasi. Hapa walifanya kinyume. Kwa sababu mtazamaji anajua barabara nani ni nani, mbwa ni yupi, jambazi ni yupi na urithi unategemea nini, Cantinflas anaweza kutangatanga kwa maneno dakika nzima na hakuna anayepotea. Kuna maneno machache yasiyoguswa: jina Bobby, jina Leonardo, kukubali kwamba "ndiyo, nilimuua". Hayo lazima yatamkwe mahali pake. Katikati ya nguzo hizo anaweza kucheza atakavyo.

Uamuzi wa nne ni mahakama. Ingewezekana filamu iishie sebuleni, mume akagundua, watu wakakimbizana, pazia likashuka. Vichekesho vingi vya jukwaani vya namna hii huishia hivyo. Bustillo Oro alikipeleka kichekesho mahali ambapo maneno yana uzito kuliko popote pengine mjini, mahali ambapo ukisema "ndiyo" unaweza kufa. Mtu ambaye kazi yake ni kutomaliza sentensi anasimamishwa mbele ya watu ambao kazi yao ni kumtaka aimalize. Na siku pekee anayojibu wazi, bila kuzunguka, jibu lake ndilo linalomtia kitanzini.

Hapo ndipo ninapomwona mwandishi wa Justicia, S.A. na mwongozaji wa Dos monjes akirudi kazini. Tukio moja, simulizi mbili, na kila upande una hakika. Kule watawa wawili walisimulia habari za mwanamke mmoja na rangi za nguo zikabadilishana. Hapa jina moja linabeba maiti mbili, na kila swali na jibu linasikika kwa maana mbili kamili kwa wakati mmoja. Sisi tuliokaa kwenye viti tunasikia zote mbili. Wale wa mahakamani wanasikia moja tu, ile inayoua. Mwongozaji hakuacha maono yake alipoingia kwenye vichekesho. Aliyavua joho la utawa akayavisha suruali iliyoshuka kiunoni.

Na uamuzi wa mwisho, wa kuwafanya hakimu na mawakili waambukizwe usemi wa mshtakiwa, hauwezi kuwa wa mchekeshaji kwenye jukwaa la hema. Cantinflas aliweza kumwiga mkubwa. Kumfanya mkubwa aongee kama kabwela, ndani ya mahakama yake mwenyewe, huku kabwela akiangalia, kunahitaji mtu anayewapangia waigizaji wote na anayejua onyesho linaelekea wapi.

Matokeo

Filamu ilianza kuonyeshwa tarehe 11 Septemba 1940 katika ukumbi wa Cine Palacio, Mexico City. Ilifanikiwa sana. Kabla yake Cantinflas alikuwa mchekeshaji maarufu wa jiji. Baada yake alikuwa nyota wa filamu ambaye jina lake lilivuka hadi nchi nyingine zinazozungumza Kihispania. Mwaka 1994 jarida la Somos lilipokusanya maoni kuhusu filamu 100 bora za Mexico, hii iliwekwa ya 10. Na mwaka 1992 Chuo cha Kifalme cha Hispania kinachosimamia kamusi ya Kihispania kilikuwa kimekubali kitenzi kilichotokana na jina la Cantinflas, kwa maana ya kusema mengi bila kusema kitu.

Bustillo Oro na Cantinflas hawakufanya filamu nyingine pamoja. Cantinflas na washirika wake, Santiago Reachi na Jacques Gelman, walikuwa na kampuni yao ya Posa Films. Mwaka 1941 alicheza Ni sangre ni arena chini ya Alejandro Galindo, na mwaka huohuo El gendarme desconocido chini ya Miguel M. Delgado. Delgado ndiye aliyeendelea kumwongoza karibu kwenye filamu zote zilizofuata, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bustillo Oro kwa upande wake aliendelea na tamthilia za familia na kumbukumbu za zamani: Cuando los hijos se van mwaka 1941, akiwa na Sara García, na México de mis recuerdos mwaka 1944, akiwa tena na Pardavé.

Uchambuzi: kilichofaulu

Nimeshasema kwamba ufundi ulikuwa kwenye mpangilio uliobana na msikilizaji anayesikiliza. Nataka niongeze jambo moja linalopitwa kirahisi, nalo ni mgawanyo wa ujuzi kati ya mhusika na mtazamaji.

Katika onyesho la mahakama hakuna fumbo lolote kwa mtazamaji. Tangu mwanzo tunajua ni mbwa. Mwongozaji mwoga angetuficha, atushangaze mwishoni. Angepata mshangao wa sekunde tano na angepoteza onyesho zima. Kwa kuwa tunajua, kila jibu linatuchekesha na kututia hofu papo hapo, maana tunaona mtu asiye na hatia akijichimbia kaburi kwa ukweli. Tungetaka kupiga kelele kutoka kwenye kiti: mwambieni ni mbwa! Na hakuna wa kuwaambia. Hofu hiyo ndiyo inayokifanya kicheko kiwe kikubwa kuliko kile cha sebuleni, ambako hatari ilikuwa ni kufukuzwa tu.

Kuna pia suala la tabaka, na Bustillo Oro alilishughulikia bila hotuba. Kundi lake la mwaka 1932 lilipanda jukwaani kuwahubiria watu kuhusu dhuluma na watu hawakuja. Miaka minane baadaye mtu asiye na kitu anasimama kizimbani, serikali nzima inashindwa kumwelewa kwa sababu haikufikiria hata mara moja kumuuliza swali rahisi, Bobby ni nani, na watu waliojaza kumbi walikuwa ndio haohao wa mitaani waliomlea kwenye mahema. Sidhani kwamba aliacha kulijali jambo lile. Nadhani alipata njia ya kulisema mbele ya watu waliohusika.

Kwa wanaotengeneza vichekesho vya Kiswahili, ambako wachekeshaji wetu wengi nao wametoka kwenye majukwaa na wana uwezo mkubwa wa kubuni papo hapo, funzo la kiufundi ni hili: kabla ya kamera kuwashwa, mwongozaji na mchekeshaji wakubaliane ni maneno gani matatu au manne ambayo yasipotamkwa hadithi inaanguka. Yaliyobaki yaachiwe mwenye kipaji. Na fedha za waigizaji zisiishie kwa nyota. Anayekaa mbele yake na kumsikiliza ndiye atakayeamua kama kicheko kitakuwa na mzizi.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Filamu ina urefu wa karibu saa moja na dakika 50, na katikati inalegea. Sehemu ya Clotilde na watoto wake inachekesha inapoanza, lakini ikishaeleweka kwamba ndoa inalazimishwa, tunazunguka mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Uzito wa jukwaa la tamthilia unaonekana: watu wanaingia, wanasimama, wanasema, wanatoka. Uamuzi wa kutuliza kamera uliozaa matunda pale penye Pardavé na Cantinflas unakuwa mzigo pale ambapo waliobaki kwenye fremu hawana cha kufanya.

Kasoro kubwa zaidi iko kwa Dolores. Hadithi yote inaanza kwa kuwa mwanamke huyu anatishwa na mwanaume mwenye barua zake, huku mume anayemvizia akiwa tayari kuamini baya lolote. Hatari yake ni ya kweli kuliko ya mtu mwingine yeyote nyumbani humo mpaka mahakama inapofunguliwa. Baada ya uongo wake wa kwanza, filamu inamtumia kusukuma mkasa mbele na haimrudii kwa uzito aliostahili. Mwongozaji aliyetumia filamu nzima ya Dos monjes kutuonyesha kwamba mwanamke ambaye habari zake zinasimuliwa na wanaume wawili hapati nafasi ya kusimulia mwenyewe, hapa hakulishika hilo. Paz naye, aliyeanzisha kila kitu kwa kudai mbwa auawe, anastahili zaidi ya mchumba mlafi anayekuja jikoni kula.

La tatu linahusu kilichokuja baadaye. Uwiano kati ya mwongozaji na mchekeshaji ulitokea mara moja, na hakuna utaratibu wowote uliowekwa wa kuulinda. Biashara ilisoma mafanikio kama mafanikio ya nyota peke yake, na nyota akawa na kampuni yake. Kibiashara ulikuwa uamuzi sahihi, na filamu zilizofuata zilipata watu wengi kwa miongo kadhaa. Lakini nyingi kati ya hizo zimejengwa kwa kumpa Cantinflas kazi mpya, mara polisi, mara zimamoto, mara padri, kisha kumwacha aongee mbele ya watu walioandikwa ili washindwe naye. Kadiri miaka ilivyokwenda alianza pia kuhutubia, akimaliza filamu kwa maneno mazito ya maadili, kwa sentensi zilizofika mwisho vizuri kabisa. Mahakama ya mwaka 1940 ilihitaji watu wenye nguvu ya kumnyonga na mswada usiomwonea huruma. Mwongozaji aliyeajiriwa na kampuni ya mchekeshaji mwenyewe hana sababu ya kumweka tena mahali pa hatari namna hiyo.